Nani Aliyechagua Chaja Iliyo Ukutani Mwako?

Mwaka huu nimeulizwa swali moja mara nyingi kuliko nilivyotarajia, na wanafunzi wa zamani, watumishi wenzangu, hata majirani: "Mwalimu, nimeagiza gari la umeme. Nifunge chaja ya aina gani nyumbani?" Mimi hufundisha historia, wala sina cheti cha uhandisi. Muulizaji hutaka jibu fupi: ampea ngapi, bei gani, fundi gani. Jibu hilo lipo, nami nitalitoa katika makala haya. Ila kadiri nilivyolifuatilia swali lenyewe ndivyo nilivyozidi kuona kwamba ni swali la historia kabla ya kuwa swali la dukani. Mnunuzi anapofika kaunta na kuonyesha kisanduku anachokitaka, sehemu kubwa ya uchaguzi imekwisha kufanywa na wengine: waliovuta nyaya, waliokubaliana juu ya umbo la plagi, waliopanga bei ya uniti, na wenye nyumba. Naomba msomaji anifuate tuwatazame hao mmoja baada ya mwingine.

Chupa ya zebaki katika gereji ya tajiri

Mwaka 1900 nchini Marekani, magari ya mvuke, ya umeme na ya petroli yalikuwa yangali yanashindana, na hakuna aliyejua lipi lingeshinda. Gari la umeme lilikuwa na sifa zake. Halikuhitaji kuzungushwa kwa mkono ili liwake, halikutoa moshi, halikupiga kelele. Clara Ford, mke wa yuleyule Henry Ford, aliendesha gari la umeme aina ya Detroit Electric.

Shida ilikuwa namna ya kulijaza umeme nyumbani. Betri hupokea mkondo unaokwenda upande mmoja tu, ilhali mitandao ya miji ilikuwa inahamia kwenye mkondo geu, ule unaobadili upande mara nyingi kwa sekunde. Mwaka 1902 Peter Cooper Hewitt alivumbua kifaa cha kunyoosha mkondo huo kwa kutumia mvuke wa zebaki ndani ya chupa ya kioo. Makampuni, General Electric likiwamo, yakakitengeneza kwa ajili ya gereji za watu binafsi. Huyo ndiye babu wa chaja ya nyumbani: chupa iliyong'aa kwa mwanga wa samawati huku gari likilala.

Tujiulize ni nani aliyeweza kukinunua. Ni yule aliyekuwa na nyumba yake, gereji yake, na waya wa umeme uliokwisha kufika mlangoni. Waya huo haukufika kwa wote. Hata katikati ya miaka ya 1930, takriban nyumba moja tu kati ya kumi za wakulima wa Marekani ilikuwa na umeme, na ndiyo sababu serikali ya Roosevelt ikaunda chombo cha kupeleka umeme vijijini mwaka 1935. Petroli haikungoja waya. Ilibebwa kwa debe na kuuzwa kwenye duka lolote la njiani.

Vitabu husema gari la umeme lilishindwa kwa sababu betri zilikuwa dhaifu, kwa sababu Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa nafuu, na kwa sababu kuanzia mwaka 1912 Cadillac iliwashwa kwa mota badala ya mkono. Yote hayo ni kweli. Lakini inafaa kuongeza sababu ya nne: gari la umeme liliishia pale waya ulipoishia, na waya ulitangulia kwa wenye fedha.

Wapo waliotafuta njia nyingine. Huko Hartford, katika jimbo la Connecticut, kampuni ya umeme ya mji ilianzisha katika miaka ya 1910 huduma ya kubadilisha betri za malori. Mteja alinunua gari bila betri. Kampuni ilibaki na betri, ikazichaji, ikazibadilisha, na kumtoza mteja ada ya mwezi pamoja na malipo kwa kila maili. Mzigo wa chaja ulihama kutoka kwa mwenye gari kwenda kwa mwenye umeme. Tuuweke mfano huu akilini, maana tutaurudia.

Mwaka 1908 kwetu

Mwaka uleule Model T ilipoingia sokoni, umeme ulianza kutolewa Dar es Salaam. Wajerumani waliuwasha kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wao wenyewe. Kwa mujibu wa historia rasmi ya kampuni ya umeme ya Kenya, mwaka huohuo mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua jenereta iliyokuwa ya kuangaza kasri la Sultani Barghash. Kwa hiyo karakana, mtaa wa watawala na kasri ndiyo anwani za kwanza za umeme katika pwani yetu. Mwaka 1931, chini ya Waingereza, yakaundwa makampuni ya TANESCO na DARESCO, na ramani ya waya ikaendelea kufuata ramani ya mitaa iliyotengwa.

Waingereza walituachia pia plagi. Kiwango chao cha mwaka 1947, kiitwacho BS 1363, ndicho kilichotupatia tundu lenye mashimo matatu ya mstatili tunalolitumia hadi leo kutoka Mombasa hadi Mbeya na Kampala. Kilibuniwa baada ya vita, shaba ilipokuwa adimu, kwa hiyo wahandisi walitaka soketi nyingi zilishwe na waya mmoja unaozunguka nyumba, na kila plagi ibebe fyuzi yake. Kikomo chake ni ampea 13. Kilikusudiwa birika, pasi na redio, vitu vinavyotumika kwa muda kisha vikazimwa. Hakuna aliyefikiria mzigo mzito utakaokaa hapo saa kumi mfululizo, usiku baada ya usiku. Leo mwenye gari la umeme anapochomeka kebo kwenye soketi hiyo, kebo hupunguza mkondo hadi ampea 10 hivi, yaani kilowati 2.3, kwa kuogopa soketi isiyeyuke. Uamuzi wa London wa mwaka 1947 ndio unaopanga saa za gari kulala Sinza.

Plagi zilizokufa

Mwaka 1990 jimbo la California, kupitia bodi yake ya hewa, liliwaagiza watengenezaji wakubwa wauze magari yasiyotoa moshi. General Motors ikatoa gari la EV1 mwaka 1996. Chaja yake haikuwa na pini: mtu alitumbukiza kibao cha plastiki kwenye mwanya uliokuwa mbele ya gari, na umeme ukavuka kwa usumaku. Toyota na Nissan zilitumia mfumo huo. Ford na Honda zilishika njia ya pini za chuma. Kwa miaka kadhaa jimbo moja lilikuwa na visanduku vya aina mbili ukutani ambavyo havikusikilizana.

Mwaka 2001 bodi ileile ikaamua kwamba pini ndiyo njia ya baadaye, na mwaka uliofuata General Motors ikaacha kuendeleza kibao chake. Visanduku vilivyofungwa kwa fedha nyingi majumbani na kwenye maegesho vikawa yatima. Wateja wa EV1 walikuwa wamekodishiwa tu. Magari yao yalirudishwa na mengi yakapondwa. Lakini waliokuwa wamenunua Toyota RAV4 ya umeme walibaki wakitunza chaja ambazo hakuna tena aliyezitengeneza. Chaja hizo zilifanya kazi vizuri. Kilichoziua ni kikao.

Ulaya nayo ilirudia somo hilo. Wajerumani walikuwa na plagi ya Mennekes, inayoitwa Aina ya 2. Makampuni ya Kifaransa na Kiitaliano yalikuwa na yao, Aina ya 3, yenye vifuniko ndani ya tundu ili mtoto asiguse umeme. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulichagua Aina ya 2, na soketi za Aina ya 3 zilizokwisha kufungwa Ufaransa na Italia zikaanza safari ya kuwa vyuma chakavu. Marekani na Japani zilikuwa na Aina ya 1, yenye pini tano, iliyokubaliwa mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. China ikaweka kiwango chake, GB/T, ambacho tundu lake la kuchajia nyumbani hufanana kwa macho na Aina ya 2 lakini pini na mashimo yamegeuzwa, hivyo moja haliingii kwa jingine.

Maumbo haya yana mantiki yake. Aina ya 2 inaweza kubeba nyaya tatu za moto kwa pamoja, kwa kuwa nyumba nyingi za Ujerumani hupata umeme wa njia tatu. Aina ya 1 hubeba njia moja tu, kwa kuwa ndivyo nyumba za Marekani na Japani zilivyo. Kila taifa lililokuwa na sauti mezani lilichonga plagi kwa umbo la nyumba zake. Sisi hatukuwapo mezani, nasi tunapokea plagi zote kwa pamoja. Nissan Leaf iliyotumika Yokohama hushuka bandarini na Aina ya 1. Gari lililotoka Uingereza huja na Aina ya 2. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la China huja na GB/T. Ethiopia, iliyotangaza mwaka 2024 kuzuia uingizaji wa magari ya petroli na dizeli, imelichukua swali hili kwa ukubwa wa taifa zima. Sisi wengine tunaliacha kila mtu alitatue na wakala wake wa forodha.

Jibu kwa anayeuliza

Sasa niseme na yule aliyekwisha kuagiza gari. Kwanza ajue kwamba kisanduku cha ukutani si chaja kwa maana halisi. Kifaa kinachonyoosha mkondo, mjukuu wa ile chupa ya zebaki, siku hizi kimo ndani ya gari. Kisanduku ni mlinzi wa mlango: huliambia gari ni ampea ngapi linaruhusiwa kuchukua, hukagua usalama, kisha hufungua njia. Kwa hiyo kasi huamuliwa na kidogo kati ya viwili hivyo. Leaf za mwanzo hupokea takriban kilowati 3.3 tu. Mwenye gari hilo akifunga kisanduku cha kilowati 22 amenunua mlango wa ghala kwa ajili ya kupitisha baiskeli.

Pili, apige hesabu ya mwendo wake. Gari dogo la umeme huenda kilomita sita hivi kwa uniti moja. Anayekwenda kazini na kurudi kilomita 40 anahitaji karibu uniti saba kwa siku. Hata soketi ya kawaida ingempa kiasi hicho kwa saa tatu, kama ingekuwa salama kuitegemea kila siku. Kisanduku cha ampea 16, yaani kilowati 3.7, kikifanya kazi saa nane za usiku hutoa uniti 29, zaidi ya betri nzima ya Leaf ya kwanza yenye uniti 24. Kisanduku cha ampea 32, kilowati 7.4, kinamfaa mwenye gari lenye betri kubwa na safari ndefu, na mwenye waya na mita za kuubeba mzigo huo wakati jiko na kiyoyozi navyo vinafanya kazi.

Tatu, na hapa asifanye ubahili: waya wake wa pekee kutoka kwenye ubao mkuu, waya wa ardhi uliopimwa na kuthibitishwa, na swichi ya kukata umeme unaovuja inayotambua hata uvujaji wa mkondo mnyoofu. Nyumba nyingi zetu zina tundu la tatu kwenye soketi lakini nyuma yake hakuna ardhi yoyote. Kisanduku kizuri kitagundua hilo na kukataa kuchaji, na mwenye nyumba atadhani kimeharibika. Hakijaharibika, kimemwambia ukweli ambao fundi wa kwanza hakumwambia. Amwite fundi umeme mwenye leseni, ile inayotolewa na EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya.

Nne, achague plagi ya gari lake la sasa akilikumbuka na lile lijalo. Kisanduku chenye tundu la Aina ya 2 na kebo inayochomoka humruhusu kubadilisha kebo bila kubomoa ukuta. Na kama kisanduku kinatumia intaneti, ahakikishe kinazungumza lugha ya wazi ya OCPP, ambayo watengenezaji wengi huielewa. Mnamo Oktoba 2024 kampuni ya Enel X Way ilitangaza kufunga shughuli zake Marekani na Kanada. Wenye visanduku vyake vya JuiceBox waliambiwa kwamba umeme utaendelea kupita lakini huduma za programu ya simu hazina tena mwenyewe. Yaliyotokea California mwaka 2001 kwa uamuzi wa bodi yalitokea tena kwa uamuzi wa mwenye hisa.

Kupanga na kuchagua

Hapo jibu la dukani limekwisha. Lakini lilimhusu mtu mwenye ukuta. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere aliuwasilisha mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano kwa hotuba iliyoitwa Kupanga ni Kuchagua. Lugha yetu ina mzaha wake: neno lilelile la mpango wa taifa ndilo la mtu anayeishi katika nyumba ya kukodi, na katika miji yetu mara nyingi kupanga ni kutochagua. Mpangaji wa chumba katika nyumba yenye Luku moja inayochangiwa na familia sita hawezi kufunga kisanduku. Hana ukuta, hana waya, wala hana namna ya kuwathibitishia wenzake kwamba uniti zilizokwisha jana usiku si zake.

Bei nazo huchagua. Tanzania ina daraja la wateja wa matumizi madogo, lililowekwa kumlinda mnyonge, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Betri ya Leaf ile ndogo ikijazwa mara tatu imezila uniti 72. Kaya iliyo katika daraja hilo, hata ikipewa gari bure, ingevuka kikomo kabla ya mwezi kufika nusu. Kenya ilichukua hatua tofauti. Katika bei zilizoanza Aprili 2023 iliweka daraja maalumu la vyombo vya usafiri vya umeme, uniti ya usiku ikiwa nusu ya bei ya saa za kawaida. Ni hatua njema, nami naipongeza. Lakini nafuu hiyo humfikia yule mwenye mita inayotofautisha saa, na huyo ni yuleyule mwenye gereji.

Kwingineko sheria imeingia hadi ukutani. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2010, ilimpa mkazi wa jengo la pamoja haki ya kufunga tundu la kuchajia kwa gharama yake, na mwenye jengo akizuia sharti awe na sababu ya msingi. Uingereza, tangu Juni 2022, inataka visanduku vipya vya nyumbani viwe na uwezo wa kupokea maelekezo, vipangwe tangu kiwandani kukwepa saa za matumizi makubwa, na vianze kazi kwa kupishana dakika chache ili mtandao usishtuke. Huko walitambua kwamba visanduku laki moja vikiwaka kwa pamoja saa moja jioni ni suala la umma, hata kama kila kimoja kimenunuliwa kwa fedha za mtu binafsi.

Wakati huohuo, mapinduzi ya usafiri wa umeme katika Afrika Mashariki hayakuanzia kwenye gereji. Yameanzia kwenye bodaboda. Kigali, Nairobi na Kampala, dereva huingia kituoni, huacha betri iliyokwisha na kuondoka na iliyojaa. Anaishi chumba cha kupanga, na mfumo huo haumtaki awe na ukuta. Hiyo ni Hartford ya miaka ya 1910 katika mavazi mapya. Inakuja pia na swali la Hartford: mwenye betri ndiye mwenye nguvu juu ya mwenye chombo. Kama kila kampuni ina betri ya umbo lake isiyoingia kwenye pikipiki ya mwenzake, tunajenga upya vibao vya California, safari hii juu ya mgongo wa kijana anayelipa mkopo kila siku.

Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam na kuahidi umeme kwa watu milioni 300 zaidi ifikapo mwaka 2030. Nyaya hizo zinavutwa sasa, mita zinafungwa sasa, na nyumba zinajengwa sasa. Bomba tupu la kupitishia waya likizikwa ukutani wakati wa ujenzi gharama yake ni ndogo. Kubomoa ukuta baadaye ni gharama ya mtu mwingine. Kwa hiyo nawaachia watumishi wa umma wanaosoma hapa maswali matatu yanayofaa kuwa mezani kwao. Je, nchi zetu zitakubaliana juu ya plagi moja kwa magari yanayoingia, au kila bandari itapokea yatima wake? Je, mpangaji atakuwa na haki yoyote juu ya tundu la umeme? Je, bei nafuu ya usiku itafuata mita ya tajiri peke yake, au na betri ya bodaboda pia?

Nanyi wanafunzi, mkitafuta mada ya tasnifu, nendeni mkahesabu. Chukueni mtaa mmoja, Manzese au Kawangware, mpite nyumba kwa nyumba na kuuliza: mita ni ya nani, waya wa ardhi upo, na gari lingelala wapi? Majibu mtakayorudi nayo yatawaambia zaidi kuhusu mustakabali wa gari la umeme nchini kuliko maonyesho yoyote ya magari mapya.